Uria Simango na Hukumu Isiyo na Hakimu

Wazee wa Nachingwea na wa Ruangwa, ambao leo mvi zimewajaa kichwani, hawahitaji kuelezwa Farm 17 palikuwa ni mahali gani. Lilikuwa shamba moja katika ule mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947, wakafyeka mapori na kujenga reli hadi bandari mpya ya Mtwara, kisha mwaka 1951 wakautupa baada ya kuona kwamba fedha zao zimeteketea na karanga hazikuzaa kama walivyotarajia. Reli ikaja kung'olewa, lakini nambari za mashamba zikabaki katika vinywa vya watu. Shamba hilo la kumi na saba ndilo Tanzania ililowapa ndugu zetu wa FRELIMO, Chama cha Ukombozi wa Msumbiji, nao wakalifanya kituo chao kikuu cha mafunzo ya siasa na ya kijeshi. Kutoka hapo vijana walivuka mto Ruvuma kwenda kupambana na Mreno, na wapo walioondoka wasirudi tena.

Ardhi hiyo tunaikumbuka kwa fahari, na fahari hiyo tunayo haki nayo. Wananchi wa kusini walibeba mzigo wa ukombozi kwa vitendo, si kwa maneno ya mikutano. Lakini ipo siku moja katika historia ya kituo kile ambayo hatuizungumzi, wala haitajwi katika hotuba za sherehe. Ni tarehe 12 Mei 1975. Siku hiyo mtu mmoja wa makamo, mchungaji wa Kikristo kwa kazi yake ya awali, na aliyekuwa Makamu wa Rais wa chama hicho hicho, alisimamishwa Nachingwea mbele ya halaiki ya wapiganaji akasoma maungamo ya kurasa zipatazo ishirini. Alijishutumu mwenyewe, akayakana aliyoyatetea, akaomba apewe mafunzo ya kumrekebisha. Hakuwapo hakimu, wala wakili, wala shahidi aliyeulizwa swali. Mtu huyo aliitwa Uria Timóteo Simango.

Leo tunayasimulia maisha yake. Hatuna nia ya kumtakasa, kwa kuwa alikuwa na makosa yake, na baadhi ya makosa hayo yalikuwa makubwa. Tunayasimulia kwa sababu yanatufunza jambo ambalo kila taifa changa hulijua kwa kuchelewa: kwamba katiba na sheria hazitungwi kwa ajili ya siku ambazo viongozi wanapendana. Hutungwa kwa ajili ya siku ambayo fahali wawili wamekutana katika zizi moja.

Simango alizaliwa mwaka 1926 katika sehemu za kati za Msumbiji, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Sofala. Alikulia katika nyumba ya Wakristo wa Kiprotestanti, nao Mreno, aliyeshikamana na Kanisa Katoliki, aliwatazama kwa shaka kama watu waliofundishwa kujitegemea mno. Akawa mchungaji. Kama walivyofanya maelfu ya watu wa sehemu zile waliokimbia kazi za shuruti, alivuka mpaka akaenda Rhodesia ya Kusini, na huko akawakuta Wamsumbiji wenzake wanaojadiliana habari za uhuru. Mwaka 1960 kikaundwa huko chama kilichoitwa UDENAMO, naye akawa miongoni mwa watu wake.

Vyama vya Wamsumbiji waliokuwa nje vilikuwa vitatu: UDENAMO ya Rhodesia, MANU ya Wamsumbiji wa Kenya na Tanganyika, na UNAMI ya wale wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Tanganyika ilipopata uhuru, wote walikimbilia Dar es Salaam, na tarehe 25 Juni 1962 vyama hivyo viliunganishwa vikawa FRELIMO. Rais wake akawa Dakta Eduardo Mondlane, mtu wa kusini ya Msumbiji. Makamu wake akawa Mchungaji Simango, mtu wa katikati. Kugawana huko kulikuwa na hekima. Msumbiji ni nchi ndefu, yenye makabila mengi, na kila upande ulitaka kumwona mtu wake katika meza ya uongozi.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya Mondlane. Mtu huyu aliishi Marekani miaka mingi. Alisoma huko, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse kabla ya kuja Dar es Salaam. Mwanataaluma huyo alijua vizuri jinsi nchi ile ilivyokuwa imehangaika, kwa muda wa karibu karne mbili, na swali dogo kwa maneno lakini zito kwa matokeo: makamu ni nani, na rais akifa, makamu anakuwa nani?

Wamarekani hawakulijibu swali hilo mara moja. Mwaka 1841 Rais William Henry Harrison alifariki mwezi mmoja tu baada ya kula kiapo. Katiba yao ya mwaka 1787 haikusema wazi kama Makamu, John Tyler, atakuwa rais kamili au atashika tu kazi za rais kwa muda. Wapinzani wake walimdhihaki kuwa ni rais aliyepatikana kwa ajali. Tyler hakuwajali, alikula kiapo, akaingia ofisini, na alichokifanya kikawa desturi. Hata hivyo desturi hiyo haikuandikwa katika katiba mpaka mwaka 1967, yaliporidhiwa Marekebisho ya Ishirini na Tano. Yaani taifa lenye mahakama, magazeti na chuo cha sheria katika kila mji lilichukua miaka 126 kuliweka jambo hilo katika maandishi yasiyo na utata.

FRELIMO ilikutana na swali hilo hilo miaka miwili baadaye, tena katikati ya vita. Tarehe 3 Februari 1969, Mondlane alifungua kifurushi chenye kitabu kilichotegwa bomu, jijini Dar es Salaam, akafa papo hapo. Simango akakaimu. Kwa fikira za watu wengi, na hasa kwa fikira zake mwenyewe, aliyekuwa makamu tangu mwaka 1962, na aliyechaguliwa tena katika Mkutano Mkuu wa pili uliofanyika Matchedje, Jimbo la Niassa, mwezi wa Julai 1968, ndiye aliyestahili kukalia kiti kilichoachwa wazi.

Haikuwa hivyo. Mwezi wa Aprili 1969 Kamati Kuu ilikutana na kuamua kwamba chama kisiwe na rais mmoja, bali kiongozwe na Baraza la Urais la watu watatu: Simango, Samora Machel aliyekuwa mkuu wa jeshi, na Marcelino dos Santos. Kwa maneno mengine, makamu alipandishwa akawa mmoja wa marais watatu, na papo hapo akateremshwa, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa kitu kimoja na yeye alikuwa peke yake. Mwenye kura moja katika baraza la watatu hana kura.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya nini? Wapo wanaosema ulikuwa wa siasa: Machel na dos Santos walitaka mapinduzi ya kijamaa yatakayoigeuza jamii yote, na Simango alitaka uhuru kwanza, mengine baadaye. Wapo wanaosema ulikuwa wa kanda: watu wa kusini dhidi ya watu wa kati na kaskazini. Wapo wanaosema ulikuwa ugomvi wa madaraka tu, kama ugomvi wowote wa binadamu. Sisi tunaamini kwamba yote matatu yalikuwamo. Chama kilikuwa kimejaa majeraha. Filipe Magaia, mkuu wa kwanza wa jeshi, aliuawa kwa risasi mwaka 1966. Mwezi wa Mei 1968 ofisi ya chama mjini Dar es Salaam ilivamiwa. Desemba 1968 kiongozi wa jeshi Paulo Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma. Mwaka uliofuata Lázaro Nkavandame, mkubwa wa chama katika Cabo Delgado, alijisalimisha kwa Mreno. Katika hali hiyo kila mtu alimtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni.

Mwezi wa Novemba 1969 Simango alifanya kitendo kilichoyabadili maisha yake. Alitoa waraka wa kuieleza dunia hali ya kusikitisha iliyokuwamo ndani ya FRELIMO. Aliwashutumu wenzake kwa ukabila na kwa mauaji ya wanachama, akataka baadhi yao wajiuzulu na wafikishwe mbele ya sheria. Zilikuwa shutuma nzito, na alizitoa hadharani wakati wapiganaji wako msituni. Chama kilimfukuza katika Baraza la Urais, na mapema mwaka 1970 akaondoka Tanzania. Mwezi wa Mei mwaka huo Machel akawa Rais, na dos Santos akawa Makamu. Simango alikwenda Cairo, kisha akajiunga na COREMO, chama hasimu cha FRELIMO kilichokuwa na makao yake Zambia.

Tuwe wakweli. Mtu aliyesema hayo katika chama kilicho vitani hakutegemea kupongezwa. FRELIMO ilikuwa na haki ya kumfukuza. Chama ni cha wanachama wake, nacho kinaweza kumtoa mtu kama mwenye nyumba anavyoweza kumtoa mgeni. Lakini kumtoa mtu nyumbani ni jambo moja, na kumtoa duniani ni jambo jingine kabisa.

Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno waliipindua serikali yao mjini Lisbon, na dola la Mreno katika Afrika likaanza kuanguka. Simango alirudi Msumbiji. Mwezi wa Agosti yeye na wenzake, akiwamo Joana Simeão, Padri Mateus Gwengere na Paulo Gumane wa COREMO, walianzisha mjini Beira chama cha muungano kilichojulikana kwa herufi PCN. Walidai jambo moja: kwamba kabla ya bendera kupandishwa, wananchi wapige kura kuchagua watakaowaongoza. FRELIMO ilikataa. Kwa maoni yao wao ndio waliopigana, na miaka kumi ya vita ilikuwa kura tosha. Tarehe 7 Septemba 1974, mjini Lusaka, Ureno ilikubali kuikabidhi FRELIMO madaraka bila ya uchaguzi.

Siku hiyo hiyo walowezi wa Kizungu mjini Lourenço Marques, ambao leo ni mji wa Maputo, waliiteka stesheni ya redio wakitaka kuyavunja mapatano. Uasi huo ulizimwa baada ya siku chache, lakini umwagaji damu ulikuwa mkubwa. Jina la Simango na la Joana Simeão yakafungamanishwa na walowezi wale. Hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote, na hatuwezi kulifunika. Mtu aliyepigania uhuru miaka kumi na minne hakupaswa kuonekana hata kwa mbali katika kivuli cha watu waliotaka ukoloni uendelee kwa sura nyingine. Kwa Waafrika walio wengi, kuanzia siku hiyo hakuwa tena mpinzani. Alikuwa msaliti.

Hazikupita siku nyingi akakamatwa nchini Malawi, akatiwa mikononi mwa FRELIMO. Na hivyo ndivyo alivyofika Nachingwea.

Tunaomba msomaji wetu azingatie tarehe. Vita vilikwisha Septemba 1974. Tangu tarehe 20 ya mwezi huo palikuwapo serikali ya mpito mjini Lourenço Marques, ikiongozwa na Joaquim Chissano. Mahakama zilikuwapo, na mahakimu walikuwapo. Kama Simango alitenda uhaini, palikuwa na nchi ya kumshitaki na mji wa kumshitakia. Badala yake yeye na wengine wengi waliletwa ng'ambo ya Ruvuma, katika kambi ambayo sheria za Msumbiji hazikuifikia, na sheria za Tanzania hazikuingia kwa kuwa ilikuwa kambi ya wageni wetu waheshimiwa. Samora Machel mwenyewe alisimamia. Aliyekuwa hasimu wa mshitakiwa katika Baraza la Urais ndiye aliyekuwa mwendesha mashitaka, na ndiye aliyekuwa hakimu. Wahenga walikwisha lisema hilo zamani: kesi ya ngedere, hakimu akiwa nyani, mwisho wake unajulikana kabla ya kusikilizwa.

Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 24 Mei, Machel aliondoka kwa shangwe akaanza safari yake mashuhuri ya kutoka Ruvuma hadi Maputo. Tarehe 20 Juni Kamati Kuu ya FRELIMO iliipitisha Katiba ya kwanza ya Msumbiji, iliyokifanya chama hicho kuwa kiongozi wa dola na wa jamii. Tarehe 25 Juni 1975 bendera ikapandishwa. Simango hakuiona. Alipelekwa katika kambi za Niassa, na hakuachiwa tena. Yeye, Joana Simeão, Gwengere, Gumane na wenzao waliuawa kwa siri. Serikali haikupata kuitangaza tarehe, wala namna walivyouawa, wala mahali walipozikwa. Mkewe, Celina, naye aliuawa baadaye katika siri hiyo hiyo.

Masimulizi mengi huutaja mwaka 1977. Kama huo ndio mwaka wenyewe, basi lipo jambo ambalo mwanasheria hawezi kulipita. Adhabu ya kifo kwa makosa dhidi ya usalama wa dola iliwekwa Msumbiji kwa sheria iliyotungwa mwezi wa Machi 1979. Mwaka 1977 hapakuwa na sheria ya nchi iliyoruhusu mtu anyongwe au apigwe risasi kwa uhaini, hata kama angeshitakiwa na kupatikana na hatia. Watu hao basi waliuawa bila ya kesi, na bila hata ya sheria ambayo kesi hiyo ingeweza kuitegemea.

Watatwambia wengine kwamba hivyo ndivyo mapinduzi yalivyo, na kwamba kila taifa huanza kwa damu. Kwa hao tunarudi Marekani mara ya pili, safari hii kwa mtu anayefanana na Simango kwa cheo, ingawa kwa tabia tunamwona Simango kuwa mbora mara nyingi.

Aaron Burr alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1801 hadi 1805. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 yeye na Thomas Jefferson, waliokuwa wa chama kimoja, walifungana kwa kura 73 kila mmoja, kwa sababu katiba yao wakati huo haikutenganisha kura ya rais na kura ya makamu. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 ndipo Jefferson akashinda, naye Alexander Hamilton, adui wa wote wawili, alimsaidia Jefferson kwa kuwa alimwogopa Burr zaidi. Katiba ikarekebishwa mwaka 1804 ili jambo hilo lisitokee tena. Mwaka huo huo, tarehe 11 Julai, Burr akiwa bado Makamu wa Rais, alipigana na Hamilton kwa bastola kando ya mto Hudson, akampiga risasi, na Hamilton akafa siku ya pili yake.

Burr alipotoka madarakani alikwenda magharibi ya nchi, akakusanya watu na mashua, na ikasemwa kwamba anataka kujikatia dola lake mwenyewe. Jefferson aliliarifu Bunge mwezi wa Januari 1807 kwamba hatia ya mtu huyo haina shaka. Rais wa nchi alikwisha mhukumu makamu wake wa zamani kabla ya kesi. Watu wengi walimchukia Burr. Nani angemlilia?

Lakini pale palikuwa na ibara katika katiba. Watu walioitunga katika mji wa Philadelphia mwaka 1787 walikuwa wao wenyewe wahaini machoni pa mfalme wa Uingereza. Walijua jinsi neno uhaini linavyoweza kuvutwa kama mpira mpaka likamfunika kila asiyependwa na mtawala. Kwa hiyo wakalifunga kwa maneno machache: uhaini ni kuipiga vita nchi, au kujiunga na maadui zake na kuwasaidia, na mtu hatatiwa hatiani ila kwa ushahidi wa mashahidi wawili walioona kitendo kimoja cha dhahiri, au kwa kukiri kwake mwenyewe mbele ya mahakama ya wazi.

Kesi ilisikilizwa Richmond, Virginia, mbele ya Jaji Mkuu John Marshall. Marshall na Jefferson walikuwa ndugu wa ukoo, tena mahasimu wa siasa. Jaji huyo aliisoma ibara kama ilivyoandikwa. Aliwataka waendesha mashitaka walete mashahidi wawili wa kitendo cha vita alichokifanya Burr. Hawakuwa nao. Tarehe 1 Septemba 1807 baraza la waamuzi lilimwachilia. Rais alikasirika, magazeti yalipiga kelele, lakini amri ya mahakama ilisimama. Burr aliishi mpaka mwaka 1836, akafa mzee wa miaka themanini, bila heshima lakini akiwa na kaburi. Na Marekani haikuanguka kwa sababu mtu mmoja mwenye hila aliachiwa.

Hatusemi kwamba Marekani ni mwalimu wa haki. Nchi ile wakati huo ilikuwa ikiwauza watu weusi mnadani, na Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa. Tunasema tu kwamba wapigania uhuru wa kule, waliokwisha itwa wahaini, walikumbuka walivyoitwa, wakaweka kizuizi. Wapigania uhuru wa FRELIMO nao Mreno aliwaita wahaini na majambazi. Walipopata nguvu, walilichukua neno lile lile wakalitumia bila kizuizi chochote. Hata lile jambo moja ambalo ibara ya Marekani ingelikubali, yaani mtu kukiri, lina sharti lake: liwe mbele ya mahakama ya wazi. Maungamo yanayosomwa mbele ya bunduki si ushahidi wa kitu chochote ila wa kuwapo kwa bunduki.

Wala hatuhitaji kwenda ng'ambo ya bahari kutafuta mfano. Hapa hapa Tanzania, kuanzia mwezi wa Juni 1970, ilisikilizwa kesi ya uhaini ya watu waliotuhumiwa kutaka kuipindua Serikali. Miongoni mwao walikuwa Bibi Titi Mohamed, aliyeijenga TANU kwa sauti yake, na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri. Jaji Mkuu Telford Georges, mzaliwa wa Dominica, aliisikiliza hadharani miezi kadhaa. Mashahidi walihojiwa, mawakili wakatetea, magazeti yakaandika. Hukumu ilitolewa Februari 1971, wakakata rufaa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini mwaka 1972 alisamehewa akarudi kwake. Aliishi mpaka mwaka 2000, na leo ipo barabara jijini Dar es Salaam yenye jina lake.

Hatujisifu kupita kiasi. Nchi yetu nayo ilikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, na wapo walioonja kizuizi hicho bila ya kufikishwa kwa hakimu yeyote. Lakini tofauti ya mambo hayo mawili iko wazi. Katika kesi ya mwaka 1970 watu walifungwa, wakasamehewa, wakarudi kwa watoto wao, na taifa likaweza baadaye kuwapa heshima yao. Aliyeuawa gizani hawezi kusamehewa wala kusamehe. Serikali iliyomuua hubaki na deni lisilolipika.

Deni hilo Msumbiji imelibeba kwa muda mrefu. Vita vya ndani vilianza mwaka 1977, vikaendelea mpaka mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992, na watu wapatao milioni moja wanakadiriwa kufa. Hatusemi kwamba vita hivyo vililetwa na kifo cha Simango. Vililetwa na mengi, ikiwa ni pamoja na fitina za Rhodesia na za Makaburu. Lakini nchi isiyo na mlango wa mpinzani kuingia barazani humfundisha mpinzani kuingia kwa dirisha, akiwa na silaha. Mwaka 1990 Msumbiji iliandika katiba mpya iliyoruhusu vyama vingi na kuifuta adhabu ya kifo. Mwaka 1994 wananchi wakapiga kura. Lile jambo alilolidai Simango mjini Beira mwaka 1974, na lililohesabiwa kuwa usaliti, likawa ibara ya katiba baada ya miaka kumi na sita.

Wanawe walikulia katika kivuli hicho, na hawakushika bunduki. Daviz Simango alichaguliwa Meya wa Beira mwaka 2003, akaanzisha chama cha MDM mwaka 2009, akafariki mwaka 2021 akiwa bado meya wa mji ule ule ambao baba yake alitaka kuugeuza ngome ya kura. Ndugu yake, Lutero, alishika uongozi wa chama, akagombea urais mwaka 2024. Watoto wa mtu aliyehukumiwa bila hakimu waliamua kuiamini kura na sheria. Hilo nalo ni jibu, tena jibu la heshima.

Eduardo Mondlane na Samora Machel wamelazwa katika Uwanja wa Mashujaa mjini Maputo. Tunawaheshimu, na Machel tutaendelea kumwimba katika mikoa ya kusini kama mpiganaji aliyekula ugali wetu na kunywa maji ya visima vyetu. Ushujaa wake haupungui kwa kuutaja ubaya uliotendeka mbele yake. Lakini Simango hana kaburi, na siku yake ya mwisho ya kuonekana hadharani kama mtu mwenye sauti aliipata katika ardhi yetu.

Kwa hiyo tunasema hivi. Walimu wa Nachingwea na Ruangwa wanapowapeleka wanafunzi kuona palipokuwa na kituo cha wapigania uhuru, wawaeleze habari yote. Wawaonyeshe walikolala vijana waliokwenda kufa kwa ajili ya Afrika, na wawaonyeshe pia kwamba hapo alisimamishwa mtu asiye na wakili. Mtoto anayefundishwa nusu ya historia hukua na nusu ya akili. Na sisi wakubwa, kila tunapomsikia kiongozi yeyote, wa nchi yoyote, akimwita mpinzani wake msaliti, tusiulize kwanza kama tunampenda au tunamchukia mpinzani huyo. Tuulize mashahidi wako wapi, hakimu ni nani, na mlango wa mahakama uko wazi au umefungwa.